Gertie, Dinosaria Anayepumua Tangu 1914

Kunradhi kwa kimya cha majuma kadhaa. Kazi ilinibana, na kusema kweli kulikuwa na jambo lililonikaa kooni ambalo sikujua nilitatue vipi. Nitawasimulia hapo mbele. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha mpya ya programu. Naandika kuhusu katuni. Tena katuni ya zamani, isiyo na sauti wala rangi, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Februari 1914, miezi michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jina lake ni Gertie the Dinosaur, na mchoraji wake ni Mmarekani aliyeitwa Winsor McCay.

Najua wapo watakaouliza: huyu kijana ana miaka ishirini na minane, ana shahada ya sayansi ya kompyuta, anatafuta nini kwenye katuni za watoto? Nisikilizeni kwanza. Kila mara unapofungua simu na kuona kitufe kinachodunda ukikigusa, kuna mkono wa McCay hapo.

Niliiona katuni hii mara ya kwanza nikiwa chuoni. Mhadhiri wetu wa somo la michoro ya kompyuta alituonyesha dakika mbili tatu kabla ya kuanza kipindi. Tulicheka. Mistari ilikuwa inatetemeka, picha ina mikwaruzo, na huyo dinosaria anatembea kama mama mkwe aliyechelewa harusini wala hana haraka. Tulifunga vipakatalishi tukaenda kula chapati. Sikuifikiria tena kwa miaka mingi.

Kisha mwaka jana nilikuwa natengeneza maktaba ndogo ya msimbo ya kuchezesha picha kwenye simu za bei nafuu, zile zenye kumbukumbu haba. Kwa majaribio nilichora chiriku mdogo aliyekaa kwenye tawi, wa kumshughulisha mtumiaji wakati programu inasubiri majibu ya mtandao. Nikawapa watu kumi hivi waijaribu. Karibu wote walisema jambo moja: "Imekwama." Haikuwa imekwama. Chiriku alikuwa anapepesa macho kila baada ya sekunde tatu kama nilivyopanga. Lakini kati ya kope na kope alikuwa maiti.

Usiku huo nikamkumbuka Gertie. Nikampakua, nikamtazama fremu moja baada ya nyingine. Ndipo nilipoona jambo ambalo chuoni lilinipita: Gertie anaposimama bila kufanya lolote, hasimami tuli. Tumbo linapanda na kushuka. Mwili unayumba kidogo kutoka mguu hadi mguu. Anapumua. Inasemekana McCay alipima pumzi zake mwenyewe kwa saa ili ajue zichukue michoro mingapi. Nikampa chiriku wangu pumzi, picha sita tu zinazojirudia. Watu wale wale walipoijaribu tena, hakuna aliyesema imekwama. Mmoja aliniuliza kama ndege huyo ana jina.

Haya basi, tuanze historia yenyewe.

McCay hakuwa mgeni wa kalamu. Tangu 1905 alikuwa maarufu kwa hadithi yake ya picha gazetini, Little Nemo in Slumberland, kuhusu mtoto anayeota ndoto za ajabu. Mwaka wa 1911 alitoa filamu fupi ya wahusika wa Little Nemo, na mwaka wa 1912 akatoa nyingine kuhusu mbu anayemnyonya damu mtu aliyelala. Kwa hiyo Gertie alikuwa filamu yake ya tatu. Nalisema hili kwa sababu mtandaoni utasoma mara kwa mara kwamba Gertie ndiye katuni ya kwanza duniani. Si kweli. J. Stuart Blackton alichezesha michoro ya chaki kwenye filamu mwaka wa 1906 huko Marekani, na Émile Cohl akatoa Fantasmagorie huko Ufaransa mwaka wa 1908. Sifa ya Gertie haitokani na kuwa wa kwanza. Inatokana na kwamba ana tabia.

Tazama anavyoingia. Anachungulia kutoka pangoni, shingo ikitangulia, kama mtoto aliyeitwa kuwasalimia wageni na ana haya. Njiani anameza jiwe, kisha anakula mti mzima. Anapokaribia ardhi iliyo mbele, ardhi inabonyea chini ya uzito wake. Anaambiwa ainue mguu, anainua. Anaambiwa ainue wa pili, mawazo yake yako kwingine. Akichoshwa na amri anamng'akia bwana wake, akikemewa analia machozi kabisa. Anapita ndovu wa kale aitwaye Jumbo, naye Gertie anamkamata mkia na kumtupa ziwani. Jumbo analipiza kwa kummwagia maji. Kisha Gertie anapata kiu, anainama na kulinywa lile ziwa lote mpaka likakauka.

Ukitazama filamu nyingi za michoro za kabla yake, utaona vitu vikigeuka kuwa vitu vingine: chupa inakuwa ua, mtu anakuwa moshi. Zinafurahisha, lakini hujali kitatokea nini kwa yeyote. Gertie habadiliki kuwa kitu kingine. Ni yeye yule kuanzia mwanzo hadi mwisho, mkaidi, mlafi, mwenye haya na mwenye huruma ya kununuliwa kwa tunda. Analia nawe unamwonea huruma, ilhali ni wino kwenye karatasi.

Sasa tuje jikoni, maana najua wengi wenu ndilo mnalolisubiri. Filamu yenyewe inataja michoro 10,000. Kila mmoja ulichorwa kwa mkono kwenye karatasi nyembamba ya mchele. Wakati huo mbinu ya kuchora mhusika kwenye karatasi angavu na kuiweka juu ya mandhari moja ilikuwa haijaenea. Kwa hiyo milima, ziwa na mawe yote yalichorwa upya kwenye kila karatasi! Kazi hiyo ya kunakili mandhari aliifanya John A. Fitzsimmons, kijana mwanafunzi wa sanaa aliyekuwa jirani ya McCay. Ile mistari inayotetemeka tuliyoicheka darasani ni mkono wa Fitzsimmons ukirudia mlima ule ule kwa mara ya elfu kadhaa. Tangu nilipolijua hilo sijaicheka tena.

Ili michoro isirukeruke, karatasi zilitiwa alama za msalaba pembeni, kila moja ikaoanishwa na iliyotangulia. Hilo ni tatizo ambalo sisi tunalitatua kwa namba za x na y bila kufikiri.

Kisha kuna jinsi alivyopanga mwendo. Hakuanza mchoro wa kwanza akaenda wa pili, wa tatu, hadi mwisho. Alichora kwanza mikao mikuu, kwa mfano mguu uko chini na mguu uko juu. Kisha akachora mkao wa katikati ya hiyo miwili. Kisha katikati ya katikati. Anazidi kugawa hivyo hadi mwendo ukamilike. Faida yake ni kwamba muda haukuponyoki: unajua toka mwanzo kwamba mguu utafika juu kwenye mchoro wa kumi na sita, wala hutajikuta umefika wa ishirini na mguu bado uko magotini. Aliyewahi kuandika msimbo wa kuchezesha picha atalitambua jambo hili mara moja. Tunataja nguzo mbili, mwanzo na mwisho, na kompyuta inajaza katikati. McCay alikuwa ndiye kompyuta.

Pia alitumia lupu. Gertie anapoyumba au kupumua, michoro ile ile inapigwa picha tena na tena. Tazama kwa makini utaona mizunguko ikijirudia. Haikuwa uvivu. Mwenye kalamu moja na msaidizi mmoja lazima ajue wapi pa kutumia nguvu na wapi pa kuziokoa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kuna haba nyingine unaweza kuimimina mara mbili.

Nalipenda zaidi jambo la jukwaani. Gertie hakutengenezwa awe filamu ya kukaa na kutazama tu. McCay alikuwa akipanda jukwaani, kwenye zile kumbi za Marekani zilizochanganya waimbaji, wachekeshaji na wanasarakasi, akiwa na mjeledi mkononi kama mfunzi wa wanyama, na Gertie yuko kwenye kitambaa cheupe nyuma yake. Onyesho la kwanza lilifanyika Chicago tarehe 8 Februari 1914. McCay anaamuru, Gertie anatii au anakataa. McCay anarusha tunda la karatasi ngumu, analificha upesi mkononi, na papo hapo tunda lililochorwa linaingia kinywani mwa Gertie. Mwishoni McCay anatoka jukwaani pembeni, na mara mtu mdogo aliyechorwa, mwenye sura yake, anaingia ndani ya picha. Gertie anampandisha mgongoni na kuondoka naye.

Waliotazama waliona mnyama anayemsikiliza binadamu. Sisi wa fani hii tujiulize: nani alikuwa anamsikiliza nani? Filamu inaenda kwa mwendo wake, haisubiri mtu. Gertie hakumsikia McCay hata mara moja. McCay ndiye aliyekuwa anamsikiliza Gertie, amehifadhi kila sekunde yake kichwani, akiingiza maneno yake kwenye nafasi alizoziacha. Leo watu wanazungumza na mashine na kuapa kwamba zinawaelewa. Kila ninapozisikia habari hizo namkumbuka yule bwana na mjeledi wake, na ninauliza ni nani hapo anayefanya kazi ya kuelewa.

Mwajiri wake, mwenye magazeti William Randolph Hearst, hakupendezwa na mchoraji wake kuzunguka majukwaani, akambana. Ndipo Gertie akatengenezewa toleo la majumba ya sinema, lililotoka Desemba 1914. Hili ndilo wengi tunaloliona leo. Maneno ya McCay yamegeuzwa kuwa maandishi kwenye picha, na mwanzoni wameongeza kisa cha watu halisi. Gari la McCay na marafiki zake linapata pancha mbele ya jumba la makumbusho huko New York, wanaingia ndani, wanaona mifupa ya dinosaria, na McCay anawekeana dau la chakula cha jioni na mchoraji mwenzake George McManus kwamba atamrudishia uhai. Kuna mahali msaidizi anajikwaa na rundo zima la michoro linatapakaa sakafuni. Aliyewahi kupoteza kazi ya wiki kwa sababu hakuhifadhi nakala atacheka na kulia pamoja.

Hapo kwenye mifupa niruhusuni kituo kifupi cha nyumbani. Wakati McCay akimchora Gertie, ndugu zake wa shingo ndefu walikuwa wakichimbuliwa Tendaguru, karibu na Lindi, katika Tanzania ya leo. Wajerumani walichimba huko kuanzia 1909 hadi 1913, lakini waliochimba hasa kwa jembe na kubeba mizigo kwa miguu hadi bandarini walikuwa mamia ya watu wetu, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani. Mwaka huo huo wa 1914 Werner Janensch akampa mmoja wa dinosaria hao jina la kisayansi, Brachiosaurus brancai, na mifupa yake imesimama Berlin hadi leo. Jina la Janensch linajulikana, la Boheti linajulikana na wachache. Kama la Fitzsimmons.

Sasa nije kwenye lile lililonikaa kooni.

McCay akiwa bado anamtengeneza Gertie, mwaka wa 1913, alitembelewa na bwana aliyejitambulisha kuwa mwandishi wa habari anayetaka kuandika makala kuhusu michoro inayocheza. McCay hakuwa mchoyo. Alimwonyesha kila kitu: alama za pembeni, karatasi za kunakilia, lupu, mpangilio wa mikao. Bwana huyo alikuwa John Randolph Bray, naye alikuwa mchoraji. Baadaye akaomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi bila idhini yako, kwa mbinu kadhaa zikiwemo alizoonyeshwa. Kisha mwaka wa 1914 akamshtaki McCay mwenyewe! Kesi haikumfaa Bray, na ikaishia yeye kumlipa McCay malipo ya kutumia mbinu hizo kwa muda.

Niliposoma kisa hiki niliweka kikombe cha chai chini. Mwaka juzi kijana mmoja aliniomba tuonane, akasema ni mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu programu za simu za bei nafuu. Tulikaa saa tatu. Nilimfungulia kipakatalishi nikamwonyesha maktaba yangu, faili kwa faili, hata hitilafu ambazo bado sijazirekebisha. Miezi sita baadaye nikaona programu ya kulipiwa yenye kazi ile ile. Hitilafu moja ilikuwa imebaki mle mle, kwa jina nililoipa mimi kwa utani wa lugha ya mama. Sikulala vizuri siku nyingi. Rafiki zangu wakanishauri nifunge kila kitu, nisimwonyeshe mtu chochote tena, nitafute wakili.

Kwa majuma haya niliyopotea nilikuwa kwenye njia panda hiyo. Na nilichofanya ni kurudi kwa McCay na Bray kuona ilivyokwisha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bray hakuwa mwizi tu. Aliona jambo ambalo McCay hakuliona: kwamba mtu mmoja na msaidizi mmoja hawawezi kulisha majumba ya sinema kila wiki. Bray akagawa kazi kwa wachoraji wengi. Akaungana na Earl Hurd, aliyekuwa na hataza ya kuchora wahusika kwenye karatasi angavu za seluloidi juu ya mandhari isiyobadilika. Kampuni yao ya hataza ilitoza studio nyingine hadi haki hizo zilipokwisha mwaka wa 1932. Mbinu hiyo ya seluloidi ndiyo iliyozaa katuni zote tulizokimbilia nyumbani kuzitazama tukitoka shuleni. McCay mwenyewe aliitumia kwenye filamu yake ya 1918 kuhusu kuzama kwa meli Lusitania. Angebaki na njia ya Gertie pekee, tasnia isingekuwepo.

Lakini ubora wa Gertie haukuja na seluloidi. Mwaka wa 1927 wachoraji wa katuni walimwandalia McCay karamu New York, naye akawaambia waziwazi kwamba yeye aliwapa sanaa nao wameigeuza biashara. Alifariki mwaka wa 1934. Mwaka wa 1955 Walt Disney alilirudia onyesho la Gertie kwenye kipindi chake cha runinga, kuwaambia watazamaji deni lake liko wapi. Mwaka wa 1991 filamu ikaingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya filamu za kuhifadhiwa Marekani. Hataza za Bray zilikwisha muda. Gertie bado anapumua.

Basi nikajiuliza, kosa la McCay lilikuwa nini? Wengi watasema ni kushirikisha wenzake. Mimi nadhani kosa lilikuwa kushirikisha kwa mdomo tu, chumbani, kwa mtu mmoja, bila maandishi wala tarehe. Siri aliyoambiwa mtu mmoja ni rahisi mtu huyo kudai ni yake. Iliyowekwa hadharani mbele ya wote, yenye jina na tarehe, ni vigumu zaidi. Leseni huria tunazotumia leo ndizo dawa ambayo McCay hakuwa nayo: nakupa utumie, lakini jina langu libaki na tarehe ibaki, na usimfungie mwingine mlango niliokuachia wazi.

Jumamosi iliyopita niliiweka maktaba yangu yote hadharani kwa leseni ya namna hiyo, pamoja na historia nzima ya mabadiliko tangu siku ya kwanza. Hitilafu ya jina la utani nayo imo. Yule kijana akitaka kuitumia, karibu, kama mtu mwingine yeyote. Hasira bado ninayo kidogo, sitawadanganya. Lakini chiriku anapumua, na sitaki awe wa kwangu peke yangu.

Gertie mwenyewe hana tena mwenye kumfungia. Hakimiliki yake imekwisha Marekani na mnaweza kumpakua bure. Mtazameni mara moja kwa kufurahi. Kisha mrudi mtazame pale anaposimama tu, hafanyi lolote, na mhesabu pumzi zake.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.